Epidurali, pethidini, gesi au mikono ya msaidizi: ulinganisho kwa mama anayejiandaa kuzaa Nairobi

Kliniki, swali linalorudi kila mara ni hili: ipi inatuliza uchungu zaidi? Ni epidurali, yaani dawa ya ganzi inayopitishwa kwa mrija mwembamba mgongoni, hakuna ubishi. Lakini jibu hilo halimfikishi mama mbali. Anayefika hospitali saa tisa usiku mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 8, huku daktari wa ganzi yuko thieta kwenye operesheni ya pili ya usiku huo, hana epidurali hata kama aliichagua miezi minne kabla. Na aliye sentimita 3, uchungu ukija kila dakika kumi, huenda akahitaji tu maji ya moto, uji na mtu wa kumkanda kiuno. Kwa hiyo hapa tunapima kila njia kwa mambo mawili kabla ya nguvu yake: inafaa hatua gani ya leba, na je, mahali utakapozalia wanayo kweli, usiku kama mchana?

Uchungu unatoka wapi

Hatua ya kwanza ya leba ni ya mlango wa kizazi kufunguka hadi sentimita 10. Uchungu wake hutoka kwenye mji wa mimba unaojikaza na kwenye mlango unaovutwa. Mishipa ya fahamu inayoubeba huingia uti wa mgongo kati ya pingili ya 10 ya kifua na ya kwanza ya kiuno, ndiyo maana mama huusikia chini ya kitovu, kiunoni na hata mapajani. Ukifika kusukuma unaongezeka uchungu mwingine, wa uke na msamba unaotanuka, na huo hupita mishipa ya chini zaidi, pingili ya 2 hadi ya 4 ya sakramu, yaani ule mfupa mpana ulio juu ya makalio.

Ukilishika hili, mengi yanajieleza. Sindano ya ganzi ya pudenda, inayochomwa kupitia ukeni, haitatuliza mkazo wa sentimita 6 kwa sababu haigusi mishipa ya juu. Epidurali iliyotuliza tumbo vizuri inaweza kuuacha msamba ukiuma wakati wa kusukuma, kwa sababu dawa haijashuka vya kutosha. Hapo mama hapaswi kuambiwa "dawa imeisha, vumilia". Anaongezewa dozi akiwa ameinuliwa kidogo ili dawa ishuke.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu leba kamili kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo mlango unaweza kufunguka taratibu kwa saa nyingi bila kosa lolote. Ni kipindi hiki ambacho akina mama wengi huchoka na kukata tamaa mapema, kwa kuwa wamelala chali kitandani wakisubiri.

| Njia | Huanza kutuliza | Hudumu | Nafuu | Kasoro kuu |
|---|---|---|---|---|
| Msaidizi, kukandwa, maji ya moto | Papo hapo | Inapoendelea kufanywa | Kidogo hadi wastani | Huhitaji mtu na nafasi |
| Sindano za maji mgongoni | Dakika chache | Hadi saa 2 | Nzuri, kwa mgongo tu | Huchoma vikali nusu dakika |
| Gesi ya kuvuta | Nusu dakika hadi dakika 1 | Dakika chache | Wastani | Kichefuchefu, kizunguzungu |
| Pethidini (sindano ya msuli) | Dakika 20 hivi | Saa 2 hadi 4 | Kidogo hadi wastani | Usingizi. Pumzi ya mtoto |
| Epidurali | Dakika 10 hadi 20 baada ya dawa kuingia | Mrija ukiwepo | Kubwa kuliko zote | Presha kushuka. Huhitaji daktari wa ganzi |
| Spaino ya dozi ndogo (sindano moja ya mgongoni) | Dakika 5 hivi | Saa 1½ hadi 3 | Kubwa | Ni ya mara moja |
| Pudenda | Dakika 5 hivi | Saa 1 hivi | Msamba na uke tu | Haigusi mkazo |

Njia zisizo na dawa

Tunaanza na mtu wa kukaa nawe, kwa sababu ndiyo njia yenye ushahidi mzuri na bei ndogo, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na msaidizi muda wote walizaa kwa muda mfupi zaidi, walihitaji dawa za uchungu kwa uchache, na wachache wao waliishia kwenye operesheni ya kuzaa. Msaidizi huyo anaweza kuwa mama mzazi, dada, mume au dula, yaani msaidizi wa uzazi wa kulipwa. Sharti ni awe pale mfululizo. Anayeingia na kutoka akijibu simu hahesabiki.

Msaidizi akija mikono mitupu bila kujua la kufanya, ataishia kusema "pole" tu. Afundishwe mambo mawili. La kwanza ni kukandamiza sakramu: mama ameinamia kitanda au anakumbatia mto, msaidizi anaweka kiganja, upande wa kifundo cha mkono, juu ya mfupa huo na kusukuma kwa uzito wa mwili wake tangu mkazo unapoanza hadi unapoisha. Kosa la kawaida ni kupapasa taratibu. Mama wengi walio kwenye leba kamili hupapaswa wakachukia, ila mgandamizo mzito wanautaka. La pili ni kubana nyonga: viganja viwili kwenye nyama ya makalio, chini kidogo ya mifupa ya nyonga, vikisukuma kuelekea ndani na juu. Mikono ikichoka, leso iliyozungushwa nyonga na kuvutwa kwa nyuma hufanya kazi hiyohiyo.

Maji ya moto yafuate. Bafu la kumwagika kiunoni kwa nusu saa hutuliza vizuri kabla ya sentimita 5, na hili unaweza kulifanya nyumbani. Ukiingia kwenye beseni kubwa au bafu la kulalia, maji yasipite nyuzi 37.5, kwa kuwa mwili wa mama ukipata joto kupita kiasi mapigo ya moyo ya mtoto hupanda. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye taulo. Ngozi iliyozoea joto haisikii inapoanza kuungua. Wakati wa kusukuma, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa msambani hupunguza uchungu wa kutanuka na pia michaniko mibaya inayofika njia ya haja kubwa. Mwombe mkunga mapema, si kila mmoja atakumbuka.

Mkao nao una uzito wake. Kulala chali humlaza mtoto juu ya mishipa mikubwa ya damu, presha ya mama inashuka na damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Halafu uchungu wa mgongo unazidi. Simama, tembea, piga magoti, au lala ubavu.

Mashine ya TENS, ile ya vibandiko vya umeme mdogo mgongoni, inauzwa Nairobi, na wanaoipenda huipenda kweli. Ushahidi wake ni mwembamba. Ukiinunua, bandika jozi moja usawa wa mbavu za mwisho na nyingine kwenye sakramu, anza mapema uchungu ukiwa bado mdogo, na uivue kabla ya kuingia majini. Ukiianza sentimita 7 umepoteza pesa.

Kuna njia moja ambayo tungetaka wakunga wengi waijue: sindano za maji safi mgongoni. Mtoto akiwa amelala kisogo chake kikielekea mgongo wa mama, uchungu wote hukaa kiunoni na hauondoki hata mkazo ukiisha. Mkunga huchoma maji ya kuchanganyia dawa, yasiyo na chumvi, mililita 0.1 kila sehemu, ndani ya ngozi, katika sehemu nne: mbili kwenye vishimo viwili vya kiunoni, na mbili sentimita 2 hadi 3 chini yake, zikiingia ndani kidogo. Huchoma kama nyuki kwa sekunde 20 hadi 30, kisha uchungu wa mgongo unapungua kwa hadi saa 2. Wakunga wawili wakichoma kwa pamoja, mkazo ukiwa kileleni, mama husumbuka kwa muda mfupi zaidi. Wakitumia dripu ya chumvi badala ya maji matupu, nafuu haiji.

Gesi

Hii ni mchanganyiko wa nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi, maarufu kwa jina la Entonox. Nairobi utaikuta katika baadhi ya hospitali, hasa za binafsi. Ulizia, kwa sababu mtungi unaweza kuwepo ukutani na usiwe na gesi.

Nusu ya nguvu yake iko kwenye kuitumia kwa wakati. Gesi huchukua sekunde 45 hadi 60 kufika kileleni. Mama akisubiri hadi mkazo umkabe ndipo avute, gesi inafika wakati uchungu unaondoka, anabaki na kizunguzungu tu, halafu anasema haifanyi kazi. Anza kuvuta pale tu unapohisi tumbo linaanza kukaza, pumua polepole na kwa kina kupitia barakoa au mdomo wa mpira, na uache mkazo unapolegea. Ushikilie mwenyewe. Asikushikie mume wala nesi: ukilewa kupita kiasi mkono wako utaanguka wenyewe na utapumua hewa ya kawaida, na huo ndio usalama wake.

Haiondoi uchungu, inausogeza mbali. Inatoka mwilini kwa dakika chache, hailevyi mtoto, na unaweza kuitumia sentimita 9 au wakati wa kushonwa. Wengine hutapika. Haifai kwa mwenye hewa iliyovuja kifuani, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni na kuwekewa gesi ndani yake, wala mwenye upungufu mkubwa wa vitamini B12. Mama asiyekula nyama, maziwa wala mayai aseme mapema.

Pethidini na ndugu zake

Kwa mama anayezaa hospitali ya umma, ikiwa atapewa dawa yoyote ya kweli ya uchungu, mara nyingi itakuwa sindano ya dawa za jamii ya morfini: pethidini miligramu 50 hadi 100 kwenye msuli, au tramadoli. Kipimo cha pethidini ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi 100, na hairudiwi kabla ya saa 4. Huchanganywa na dawa ya kuzuia kutapika, kwa kawaida metoklopramidi miligramu 10, kwa kuwa peke yake inachefua.

Faida yake kubwa ni usingizi kati ya mikazo. Mama aliyehangaika usiku kucha akiwa sentimita 4 anaweza kupumzika saa mbili na kuamka na nguvu. Uchungu wenyewe haukatiki sana. Wapo wanaosema waliuona uleule, ila wakiwa wamesinzia. Mama anayeogopa kupoteza umakini wake hataipenda.

Hatari iko kwenye saa. Pethidini huvuka kondo la nyuma, na mtoto akizaliwa kati ya saa 1 na 4 baada ya sindano, hasa saa ya 2 au ya 3, anaweza kuzaliwa mlegevu, akapumua kwa shida na kuchelewa kunyonya. Masalia yake hukaa kwenye damu ya mtoto mchanga kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mama wa kwanza akiwa sentimita 4 anaweza kuipata bila wasiwasi mkubwa. Mama wa mtoto wa tatu akiwa sentimita 7 asiipewe, maana huenda akazaa saa moja na nusu baadaye. Ikishatokea, tiba ya kwanza ya mtoto ni kupumuliwa kwa mfuko na barakoa. Naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya pethidini, huja nyuma ya hapo. Kabla ya kukubali sindano, uliza njia imefunguka kiasi gani *sasa*, maana kipimo cha saa tatu zilizopita hakisaidii, na uhakikishe saa ya sindano imeandikwa kwenye chati yako.

Fentanili ya mshipani ni fupi zaidi na humwacha mtoto akiwa safi kuliko pethidini, ila inahitaji mtu wa kumwangalia mama pumzi zake. Remifentanili ya pampu inataka nesi mmoja kwa mama mmoja muda wote na kipimo cha oksijeni kidoleni. Pasipo na hayo, isitumike.

Neno juu ya Buscopan, kwa sababu wengi huchomwa na kuambiwa ni ya uchungu. Kazi yake ni kulegeza misuli ya mlango wa kizazi ili ufunguke upesi. Kutuliza kwake ni kudogo. Paracetamoli gramu 1 kwenye mshipa nayo inasaidia kidogo tu. Diklofenaki na ibuprofeni msinunue duka la dawa kabla ya kuzaa: katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kufunga mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto na kuathiri figo zake. Baada ya kuzaa, kwa maumivu ya mji wa mimba kurudi na ya nyuzi, zinafaa sana, mradi huna shida ya figo wala vidonda vya tumbo. Na mitishamba ya "kuharakisha" inayochemshwa nyumbani huweza kukaza mji wa mimba bila kupumzika hadi mtoto akakosa hewa. Usiinywe, na kama umeshainywa mwambie mkunga. Hakuna anayeweza kukuhudumia vizuri bila kulijua hilo.

Epidurali

Hii ndiyo tutakayokaa nayo, kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo iliyozungukwa na uvumi mwingi zaidi.

Kwanza mkono unawekwa kanula (kimrija cha mshipani) kubwa, ya kijani au ya kijivu, na presha inapimwa. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamelegea, kidevu kifuani, mgongo umepinda kama upinde, akikumbatia mto. Mgongo unasafishwa na dawa inaachwa ikauke. Ngozi inatiwa ganzi. Kisha sindano maalumu hupita katikati ya pingili za kiuno, mara nyingi ya 3 na ya 4, sentimita 4 hadi 6 kutoka kwenye ngozi, hadi nafasi iliyo nje ya utando unaozunguka maji ya uti wa mgongo. Mrija mwembamba unapitishwa, sentimita 4 au 5 zinabaki ndani, sindano inatoka na mrija unabandikwa mgongoni. Sindano haibaki mgongoni. Mkazo ukija katikati ya kazi, sema "unakuja", daktari atasubiri. Kujitikisa ghafla kunaweza kusababisha utando kutobolewa.

Dawa ya siku hizi ni bupivakeini, dawa ya ganzi, hafifu, asilimia 0.1 au chini yake, pamoja na fentanili mikrogramu 2 kwa kila mililita. Dozi ya jaribio hutangulia, halafu mililita 10 hadi 15. Presha hupimwa kila dakika 5 kwa dakika 15 za mwanzo. Baada ya dakika 20 mama awe anahisi tumbo linakaza bila kuuma. Ikifika dakika 30 na bado unaumia, daktari wa ganzi arudi. Mama mmoja kati ya 8 hivi hapati nafuu ya kutosha mwanzoni. Upande mmoja ukiuma na mwingine umekufa ganzi, mrija umeelekea pembeni: unavutwa nje sentimita 1 au 2, mama analalia upande unaouma, dawa inaongezwa. Ikishindikana, mrija unawekwa upya. Hili ni la kawaida, na mama asione haya kulidai.

Presha ikishuka atahisi kichefuchefu na kizunguzungu. Analazwa ubavu, anaongezewa maji na dawa ya kupandisha presha. Kuwashwa mwili hutoka kwenye fentanili na si mzio. Mkojo hausikiki, kwa hiyo utolewe kwenye kibofu kila saa chache, la sivyo kinajaa na kumzuia mtoto kushuka. Joto la mwili linaweza kupanda bila maambukizi. Mama mmoja kati ya 100 hivi hupata utando uliotobolewa na kichwa kinachouma vikali akikaa, kinachopoa akilala. Kisipotulia kwa paracetamoli, maji na kahawa, hutibiwa kwa kuchomwa damu yake mwenyewe, mililita 20 hivi, palepale mgongoni.

Sasa uvumi. Kwamba epidurali huleta operesheni: mapitio ya Cochrane ya 2018, yenye tafiti 40, hayakuona ongezeko la operesheni. Kuvutwa mtoto kwa vakyumu (kikombe cha kufyonza kichwani) kuliongezeka katika tafiti za zamani, za dozi kali. Katika zile za baada ya 2005, ongezeko hilo halikuonekana. Kinachorefuka ni hatua ya kusukuma. Kwamba mgongo utauma maisha: wanaoumwa mgongo miezi kadhaa baadaye ni sawa kwa walioichomwa na wasioichomwa; ujauzito wenyewe na kunyonyesha umejikunja ndivyo vyenye lawama. Kwamba ni lazima ufike sentimita 4: si lazima, ukiwa kwenye leba na unaitaka, unaweza kuipata. Kwamba sentimita 8 umechelewa: hesabu tu. Kuweka huchukua dakika 20, kushika dakika 20. Mama wa kwanza akiwa 8 ana muda huo. Aliyezaa mara tatu, pengine hana.

Ina faida moja isiyotajwa vya kutosha. Operesheni ya dharura ikihitajika, mrija uleule hutiwa dawa kali zaidi na mama huingia thieta akiwa macho, bila nusu kaputi. Ndiyo maana kwa mama mwenye presha ya ujauzito, mapacha au uzito mkubwa, madaktari wengi wa ganzi huipendelea iwekwe mapema. Mwenye presha apimwe kwanza chembe za kugandisha damu. Zikiwa chini ya 70,000 hivi, wengi hawataiweka. Anayechomwa sindano za kuzuia damu kuganda asubiri saa 12 baada ya dozi ndogo ya kinga, na saa 24 baada ya dozi ya tiba. Maambukizi ya ngozi pale mgongoni au damu inayotoka sana pia huizuia. Virusi vya Ukimwi haviizuii. Kovu la operesheni ya uzazi uliopita nalo haliizuii, ila uchungu mpya unaopenya dawa na usiokatika kati ya mikazo uripotiwe mara moja, kwani waweza kuwa kovu linaachia.

Spaino ya dozi ndogo ni binamu yake: sindano moja nyembamba, bupivakeini miligramu 2.5 na fentanili mikrogramu 25 hivi, inashika kwa dakika 5 na haiachi mrija. Inafaa aliye sentimita 8 au 9 anayezaa karibuni. Leba ikienda polepole, inaisha na uchungu unarudi kwa ghafla, jambo linaloumiza moyo kuliko kutokuwa nayo. Usiichanganye na ile ya operesheni, ambayo ina miligramu 10 hadi 12 na huua miguu kabisa.

Ganzi ya msamba na ya kushonwa

Pudenda, mililita 10 za lignokeini (dawa ya ganzi) kila upande kupitia ukeni, ni ya kuvutwa mtoto kwa vakyumu au koleo kwa mama asiye na epidurali. Tupite.

Ganzi ya kushonwa ndiyo tunayoisisitiza. Kuchanika au kuongezewa njia na kisha kushonwa bila ganzi si kitu cha kuvumilia. Lignokeini ya asilimia 1 ni dawa ya bei ndogo na ipo karibu kila kituo kinachozalisha. Kwa mama wa kilo 50, kiwango cha juu ni mililita 20. Mkunga huchoma pembeni mwa mchaniko, akivuta bomba kwanza kuhakikisha hayuko ndani ya mshipa wa damu, kisha anasubiri dakika 2 na kubana ngozi kwa koleo kabla ya kuanza. Ukihisi kubanwa, anasubiri dakika 2 nyingine. Makosa mengi hutokea katika dakika hizo mbili, wodi ikiwa imejaa na mkunga ana haraka. Sema wazi: "Sista, bado nasikia, niongezee ganzi." Mchaniko uliofika misuli ya njia ya haja kubwa ushonwe thieta, kwa spaino au epidurali.

Kuchagua, ukiwa Nairobi

Mama wa kwanza mwenye afya njema, anayezalia hospitali ya umma kama Pumwani au Mama Lucy, apange msaidizi aliyefundishwa, maji ya moto nyumbani hadi mikazo iwe mizito, pethidini au tramadoli kama ya akiba kabla ya sentimita 6, na ganzi ya kushonwa bila mjadala. Epidurali asiitegemee. Hospitali za umma zina madaktari wa ganzi, ila operesheni huwameza. Anayeanzishiwa uchungu kwa dripu, na ana uwezo wa hospitali yenye daktari wa ganzi usiku na mchana, tungemshauri epidurali mapema: uchungu wa dripu hupanda kwa kasi na haumpi mwili muda wa kuuzoea. Mgongo unauma kuliko tumbo? Sindano za maji, kupiga magoti, kisha epidurali. Anayetaka kutembea na kubaki na akili yake yote, gesi na mikono ya msaidizi.

Nyumbani kusikucheleweshe. Foleni ya Mombasa Road au Thika Road jioni inaweza kula saa nzima, na mama aliyezaa mara kadhaa hana saa hiyo. Maji yakivunjika yakiwa ya kijani, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, hakuna kusubiri bafuni.

Mwezi wa nane wa ujauzito, piga simu au nenda mwenyewe wodini ukaulize haya, na majibu uyaandike nyuma ya kijitabu cha mama na mtoto. Daktari wa ganzi hulala hospitalini au huitwa kutoka nyumbani, na akiitwa huchukua dakika ngapi? Epidurali imo kwenye kifurushi cha kuzaa, au daktari wa ganzi, dawa na mrija vina bili zao? Tangu Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa. Waulize dawati lao hospitalini kama malipo ya kuzaa yanagusa epidurali, na kama una bima ya kazini, uliza kikomo cha uzazi na kipindi cha kusubiri. Mtungi wa gesi umejaa? Msaidizi anaruhusiwa kukaa leba usiku, hata mwanamume, au wodi haina mapazia? Mkunga yeyote wa zamu anajua sindano za maji?

Ukishapata epidurali na kurudi nyumbani, miguu ikigoma kurudisha nguvu, mgongo ukiuma vikali pale ilipochomwa, homa ikapanda au ukashindwa kukojoa, rudi hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, na useme neno "epidurali" pale mapokezi.